Redio Moja, Masikio Mengi

Juma hili ninayo mkononi barua ya bibi mmoja, mke wa polisi, ambaye jina lake nalihifadhi kama alivyoniomba. Ameandika kurasa mbili kwa mwandiko safi, na kwa maoni yangu shida yake si yake peke yake.

Nyumbani mwake, asema, kuna redio moja ya betri. Simu zipo, lakini vocha zina bei na umeme hukatika; kwa hiyo jioni watu wote huizunguka ile redio. Watoto wa kiume hutaka mpira. Shemeji yake, anayeishi nao huku akitafuta kazi, hutaka habari za vyama na uchaguzi. Binti yake wa darasa la tisa hutaka habari za waimbaji na wachezaji mashuhuri: nani ameoa, nani amenunua gari, nani amegombana na nani. Naye bwana mwenye nyumba, akirudi kutoka zamu, hutaka kimya.

"Hayo yote ningeyavumilia," aendelea bibi huyu, "lakini Jumamosi moja mume wangu na mdogo wake walisikiliza mpira bega kwa bega, wakashangilia pamoja. Mara zikaja habari za siasa. Shemeji akauliza: 'Kaka, wewe timu yako ni ipi?' Mume wangu akajibu kwamba yeye hana timu. Shemeji akacheka, akasema hakuna mtu asiye na timu. Ugali na ndagala vilipoandaliwa, mmoja alikula ndani na mwingine akala uani. Je, habari zikianza niwe naizima redio?"

Jawabu langu fupi ni hapana, dada yangu, usiizime. Jawabu refu ni kwamba swali la shemeji yako ndilo linalostahili kuchunguzwa. Mpira, uchaguzi na maisha ya watu mashuhuri hutoka katika spika moja, kwa sauti zinazofanana, na sisi tumezoea kuvisikiliza vyote kwa sikio moja, yaani sikio la mshabiki. Sikio hilo linafaa kwa mpira. Kwa mambo mengine lina hatari, na katika nyumba ya mtu aliyevaa sare hatari hiyo ni kubwa zaidi.

MACHO YA KUAZIMA

Nianze na mpira, kwa kuwa ndio unaopendwa. Mtangazaji wa mpira redioni ni mtu aliyekabidhiwa macho ya wenzake. Sisi tulio nyumbani hatuoni lango wala kona. Twaona yale tu anayotuonyesha kwa maneno. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa lugha alitufundisha kwamba maelezo mema hujibu maswali machache: nani, wapi, lini, kwa namna gani. Somo hilo nalisikia kila ninapomsikiliza mtangazaji hodari. Hutaja mwenye mpira, hutaja upande ulipo, hutaja dakika, na kila baada ya muda mfupi hurudia matokeo, kwa sababu anajua kuna mama aliyekuwa jikoni ambaye sasa tu ndiyo ameketi.

Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 23 Machi 2019. Timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilihitaji sare tu dhidi ya Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang ili kuingia katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Mchezo ulikuwa hapa Bujumbura, katika uwanja wa Intwari, ambao zamani uliitwa kwa jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Cédric Amissi akatufungia bao. Gabon wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Wakati huo aliyekuwa na redio alikuwa na mtihani kuliko aliyekuwa uwanjani, kwa sababu wa uwanjani aliuona mpira ukiondolewa hatarini kabla mtangazaji hajapata pumzi ya kusema. Filimbi ikalia kwa 1-1, na mitaa yote ikamiminika barabarani.

Miezi mitatu baadaye, huko Misri, tulifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar, na 2-0 na Guinea. Hatukupata hata bao moja. Nayataja haya kwa makusudi. Watangazaji wetu waliipenda timu kama tulivyoipenda sisi, na huzuni ilisikika katika sauti zao. Lakini hakuna aliyetuongezea bao ili atufurahishe. Mtangazaji ana ruhusa ya kulia. Hana ruhusa ya kubadili matokeo. Sheria hii ndogo ya mpira, laiti ingefuatwa katika habari zote, ingetuepusha na mengi.

Ninayo malalamiko pia. Wapo watangazaji wa siku hizi ambao husahau kutaja matokeo kwa kuwa wanatueleza mshahara wa mchezaji na rangi ya gari lake. Wapo wanaopiga kelele kwa dakika 90, hata mpira ukiwa umetoka nje, hivyo msikilizaji hajui lini ashtuke. Na yapo matangazo ya kubahatisha matokeo, yanayomwambia kijana kwamba atatajirika akikisia vizuri. Wazazi, na hasa ninyi ambao mshahara wenu hufika kwa tarehe moja na kuisha kwa tarehe inayojulikana, waelezeni vijana kwamba anayeuza tikiti za kubahatisha ndiye anayeshinda kila juma.

KURA SI BAO

Nije sasa kwa shemeji. Ameuliza, "Timu yako ni ipi?" Hakuibuni lugha hiyo yeye. Ameisikia mikutanoni na redioni. Chama husema "tumewafunga", mgombea husema "kipindi cha pili ni chetu", wafuasi huvaa jezi na kupiga ngoma. Siichukii lugha hii moja kwa moja, maana ina mahali inapofaa. Mtu ambaye hajasoma sheria hata ukurasa mmoja anaelewa mara moja kwamba mwamuzi asiwe ndugu wa golikipa, na kwamba mabao yahesabiwe mbele ya macho ya pande zote mbili.

Tena, uhodari wa watangazaji wa mpira umewahi kuisaidia nchi yetu katika kura. Katika chaguzi za mwaka 2005 na 2010, vituo vyetu kadhaa vya redio viliunganisha nguvu, vikawatawanya waandishi wao mikoani na kutangaza kwa pamoja. Badala ya kila kituo kushindana kuwahi, waliazimana macho. Msikilizaji wa Nyakabiga aliweza kujua yaliyojiri mbali na Bujumbura bila kungoja msafiri ashuke kutoka basini na habari zake zilizokwisha kuongezewa chumvi.

Lakini mfano wa mpira una mpaka, na sisi Warundi tumeujua mpaka huo kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Septemba 1961, chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilishinda viti 58 kati ya 64. Hata mwezi haukutimia: tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi akafa. Tarehe 1 Juni 1993, Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda Pierre Buyoya kwa takriban asilimia 65 ya kura. Alikula kiapo tarehe 10 Julai, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo akauawa katika jaribio la mapinduzi lililofanywa na wanajeshi. Yaliyofuata, kila nyumba inayo hesabu yake. Waliokufa katika miaka ya vita hukadiriwa kufika 300,000.

Katika mpira, aliyefungwa hurudi nyumbani, hula chakula chake, na Jumapili ijayo hucheza tena. Mshindi hapati mamlaka yoyote juu yake. Katika kura, mshindi huwa mtawala wa aliyempigia na asiyempigia; ndiye atakayesimamia shule ya watoto wao wote, dawa ya wote, na bunduki ya dola juu ya wote. Kwa hiyo mshabiki haulizwi sababu. Mtu akipenda Vital'O kwa kuwa baba yake aliipenda, basi, yatosha, nani atamdai hoja? Mpiga kura yampasa awe na sababu, walau moja, anayoweza kuitamka mbele ya jirani yake bila haya. Na aliyeshindwa katika kura hatoki uwanjani kwenda nyumbani, kwa sababu nyumbani kwake ni hapo hapo.

Ndiyo maana watu walioketi Arusha, wakatia sahihi mapatano tarehe 28 Agosti 2000, hawakuandika matokeo ya mshindi na mshindwa peke yake. Walipanga kwamba katika jeshi na polisi hakuna kabila litakalozidi nusu, na wakataka serikali ibebe watu wa pande zote. Mchezo wa mpira haujui kanuni ya namna hiyo, wala hauihitaji. Nchi inaihitaji.

Mtangazaji wa uchaguzi naye ana wajibu uliomzidi yule wa mpira. Akitangaza bao, na timu ya pili ikalalamika kwamba mfungaji alikuwa ameotea, mtangazaji wa mpira husema yote mawili: bao limehesabiwa, na wenzao wanalalamika. Tarehe 5 Juni 2025 tulipiga kura za wabunge. Chama cha CNDD-FDD kilitangazwa kupata viti vyote 100 vilivyoshindaniwa, na wapinzani wakalalamikia namna uchaguzi ulivyoendeshwa. Sentensi hiyo ina sehemu mbili. Atakayekupa ya kwanza tu, au ya pili tu, amekupa jicho moja. Mwaka 2027 tunatarajia kumchagua Rais, na mimi ningependa tuufikie mwaka huo tukiwa na macho mawili.

SAUTI INAYOAMINIWA

Hapa niwakumbushe mtangazaji mmoja ambaye Afrika Mashariki nzima ilimfahamu, Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki Februari 2025. Wapenda kandanda walimjua kwa kutangaza mpira, na wenye nyumba walimjua kwa kipindi chake kuhusu adabu, Je, Huu ni Ungwana? Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walioasi walimchukua nyumbani kwake, wakampeleka katika Sauti ya Kenya, na kumlazimisha asome tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Uasi ule ulizimwa siku ile ile. Mimi najiuliza kwa nini walimtaka yeye, ilhali askari yeyote anayejua kusoma angeweza kulisoma tangazo. Naona walitaka ile imani ambayo watu walikuwa wameiweka katika sauti yake, mchezo baada ya mchezo, kwa miaka mingi, kwa sababu hakuwahi kuwaambia kuna bao mahali pasipo na bao.

Nasi tunayo yetu. Tarehe 13 Mei 2015, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni kwamba amemwondoa Rais Pierre Nkurunziza. Jaribio hilo lilishindwa. Katika saa zile, wanajeshi walipigana na wanajeshi wenzao kuizunguka redio ya taifa, na vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema vikashambuliwa. Isanganiro na Rema zilifunguliwa tena Februari 2016. Bonesha ikangoja hadi 2021. Mtaa wetu wa Nyakabiga ulikuwa miongoni mwa mitaa ya maandamano, na wakazi wake wanajua kilichojaza pengo redio ziliponyamaza. Zilikuja fununu. Fununu haina mhariri wala saa ya kufunga matangazo, na haitaji jina la aliyeiona kwa macho yake.

Familia za askari jeshi zinalijua jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Majeshi yetu yalikuwa Somalia tangu Desemba 2007 hadi mwishoni mwa 2024. Katika miaka hiyo yote, mama aliyekuwa na mwanawe huko hakuisikiliza redio kwa burudani. Kambi yetu ya El Baraf iliposhambuliwa tarehe 3 Mei 2022, jeshi lilitangaza kwanza vifo 10, na wengine wakataja idadi iliyo kubwa zaidi. Kati ya hesabu moja na nyingine palikuwa na wake na wazazi waliokaa na simu mapajani usiku kucha. Anayetamka tarakimu kwa haraka ili awahi kusikika na afikirie chumba kile.

WENYE MAJINA MAKUBWA

Sasa zamu ya binti wa darasa la tisa, asije akasema nimemsahau. Wazee wengi hudharau habari za watu mashuhuri. Mimi sizidharau. Kijana hutafuta mfano wa kuigwa, na ni afadhali aupate kwa mtu halisi. Shauri langu ni kwamba tuulize habari ya mtu huyo ni ya kazi yake au ni ya chumbani mwake.

Chukua habari ya Vénuste Niyongabo. Mwaka 1996 alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora duniani wa mita 1500. Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amemtangulia katika riadha, hakuwa amepata kukimbia Olimpiki, kwa sababu katika miaka ya ubora wake nchi yetu ilikuwa haijaingia katika mashindano hayo. Niyongabo akamwachia Kwizera nafasi yake katika mita 1500, naye akaingia mita 5000, mbio ambazo alikuwa amezikimbia mara chache mno. Huko Atlanta, tarehe 3 Agosti 1996, alishinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96, akaipatia Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, tena ya dhahabu. Nyumbani, siku tisa kabla ya hapo, yalikuwa yametokea mapinduzi ya tarehe 25 Julai. Binti yangu, hiyo ni habari ya mtu mashuhuri, na haina neno hata moja kuhusu gari lake.

Chukua sasa habari ya Francine Niyonsaba, aliyeleta fedha ya mita 800 kutoka Rio mwaka 2016. Viongozi wa riadha duniani waliweka kanuni juu ya kiasi cha homoni katika miili ya wanawake wanaokimbia mbio za namna hiyo. Kanuni hizo zilimgusa, na mwaka 2019 mwenyewe alieleza hadharani hali aliyozaliwa nayo. Mwili wa binti wa watu ukawa gumzo la vibarazani na magazetini, na wengi waliozungumza hawakuwa na elimu ya jambo lile wala heshima ya kunyamaza. Yeye akahamia mbio ndefu, na Septemba 2021, huko Zagreb, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Muulize kijana yeyote mtaani ni lipi alilolisikia zaidi, umbea ule au rekodi ile. Jawabu lake litakuonyesha tunavyosikiliza.

Mpaka huu kati ya kazi na chumba una faida nyingine: hutusaidia pale mtu mashuhuri anapoomba kura. Jambo hili limekuwa la kawaida. Kenya ilimpeleka bungeni mwimbaji Jaguar mwaka 2017. Tanzania iliwapeleka Sugu mwaka 2010 na Profesa Jay mwaka 2015. Uganda ilimwona Bobi Wine akigombea urais Januari 2021. Sikatai. Mwimbaji na mchezaji ni raia kama wengine. Lakini makofi aliyopigiwa jukwaani yalikuwa malipo ya wimbo, na yamekwisha kulipwa. Katika kura aanze upya.

Hata hapa kwetu, marehemu Pierre Nkurunziza alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya vita, na akiwa Rais aliendelea kucheza mpira na timu yake ya Haleluya. Dunia ilimpiga picha nyingi akiwa na jezi. Miaka yake 15 haiwezi kupimwa kwa mabao. Hupimwa kwa ada ya shule ya msingi iliyofutwa mwaka 2005, kwa matibabu ya bure ya watoto wadogo na ya mama wanaojifungua tangu 2006, na pia kwa msukosuko wa muhula wa tatu wa 2015, uliowafanya watu zaidi ya 400,000 kuikimbia nchi. Anayetaka kumhukumu kwa haki aweke yote katika mizani.

Na kama mnataka kuona mtu wa mpira akitufundisha jambo la siasa, mtazameni George Weah wa Liberia, mchezaji bora wa dunia wa mwaka 1995. Aligombea urais mwaka 2005 akashindwa na Ellen Johnson Sirleaf. Akaja kushinda mwishoni mwa 2017. Novemba 2023 alishindwa na Joseph Boakai kwa tofauti ndogo sana, akiwa angali Rais, na kabla hesabu haijakamilika kabisa alimpigia mpinzani wake simu kumpongeza. Wapo waliomlaumu kwa mengi katika utawala wake, na pengine walikuwa na haki. Kwa simu ile peke yake, mimi namvulia kofia.

ANAYEUPA UWANJA MGONGO

Narudi kwa bwana wa bibi aliyeniandikia, yule aliyesema hana timu. Shemeji hakumwamini. Mimi namwamini, na nitaeleza sababu.

Mwendapo uwanjani, watazameni polisi waliopangwa kando ya uwanja. Umati wote umeelekea mpirani. Wao wameelekea umati. Bao likifungwa, watu elfu nyingi hulishangilia, na polisi yule aliyesimama hatua chache kutoka langoni halioni. Hulijua kwa nyuso zetu. Pengine timu iliyofunga ndiyo aliyoipenda tangu utotoni, na hageuki. Akigeuka, hata kwa sekunde tatu, jiwe laweza kurushwa, mtoto aweza kukanyagwa. Kazi yake ni kuupa uwanja mgongo ili sisi tuutazame kwa amani.

Katika uchaguzi ni vivyo hivyo, na kwetu jambo hili limeandikwa. Sheria za nchi, kwa kufuata mapatano ya Arusha, zinamkataza mtu wa jeshi au polisi kuwa mwanachama wa chama cha siasa au kuonyesha upande. Wengine huona kwamba amenyang'anywa haki. Mimi naona amepewa dhamana. Tarehe 21 Oktoba 1993 walikuwapo wenye sare waliogeuka kuutazama mchezo, wakaingia uwanjani na bunduki. Mei 2015 waligeuka wengine. Mara zote mbili waliopigwa na mawe walikuwa watu wa majukwaani, wakiwemo wake na watoto wa hao hao wenye sare.

Kwa hiyo, bwana mpendwa, usione haya kumjibu mdogo wako tena kwamba huna timu. Nawe shemeji, kaka yako hakukuficha kitu. Ukimlazimisha ataje upande mbele ya watoto, na watoto wakayasema bombani wanapochota maji, kesho jirani atamtazama kama mshabiki aliyepewa silaha. Je, mwenye malalamiko atakwenda kwa nani?

KWA NYUMBA YENYE REDIO MOJA

Bibi mwenye barua, niruhusu sasa niseme mambo machache ya utendaji, maana hukuniandikia ili nikuhutubie tu.

Kwanza, gawanyeni saa, na mpango huo uandikwe ubaoni au ukutani. Mpira una siku zake; habari zina saa yake; binti naye apewe nusu saa yake bila kuzomewa. Bwana akitoka zamu ya usiku, redio ipumzike mpaka aamke. Betri zinunuliwe kwa fedha ya nyumba, asipatikane wa kusema redio ni yake.

Pili, habari za uchaguzi zisikilizwe na watu wazima na watoto pamoja, na zikiisha, yeyote kati yenu awaulize watoto maswali matatu: Aliyesema ni nani? Amejuaje? Nani hajaulizwa? Mimi huwauliza watoto maswali haya, na nimeona kwamba mtoto wa miaka kumi huyaweza kuliko baba mwenye hasira.

Tatu, habari iliyoingia kwa simu, hasa ile inayosema "nimetumiwa na mtu aliyeko huko", ikae ilipo hadi isikike mahali pengine panapowajibika. Mke wa askari ajihadhari mara mbili, kwa kuwa akituma yeye, watu husema imetoka kambini.

Nne, neno "timu" libaki katika mpira. Shemeji akitaka kuzungumza siasa, na azungumze; ni haki yake, tena kijana anayetafuta kazi ana sababu nyingi za kuuliza habari za serikali. Lakini aseme anataka nini kifanywe: bei ya mafuta, nafasi za kazi, maji ya mtaani. Kaka mtu aweza kusikiliza hayo yote na kuendelea kula naye sahani moja, kwa sababu hakuna aliyemtaka ataje chama.

Nimemaliza kwa leo. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitazijibu barua tatu zilizouliza juu ya watoto wanaohamishwa shule kila baba anapobadilishiwa kambi. Wenye maoni juu ya jambo hilo wasichelewe kuandika, na tafadhali mwandike upande mmoja tu wa karatasi.